UZI: Supa Modo na kijiji kilichompenda mtoto kabla ya matanga

#1 Mkazi wa Umoja (mleta uzi)

Wakuu, hamjambo. Uzi huu ni wa Supa Modo, filamu ya Likarion Wainaina iliyotoka 2018. Wengine mliitazama wakati huo, wengine mliahidi kuitafuta na mambo yakawazidi. Juzi niliiweka nyumbani tukaitazama mimi na dada zangu, na ubishi uliozuka haujaisha hadi leo. Nimeonelea niulete huku. Nitasimulia mpaka mwisho, kwa hivyo asiyetaka kuharibiwa utamu aitazame kwanza kisha arudi. Ni fupi, kama saa moja na robo tu.

Jo ana miaka 9 na ugonjwa wake hauna tiba. Yuko kwenye kituo cha watoto wagonjwa, ambako raha yao kubwa ni muvi za mapigano na mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mamake, Kathryn, anaamua kumrudisha nyumbani kijijini Maweni ili siku zilizobaki azimalize kwao. Mama anataka mtoto alale, ale, asichoke. Mwix, dadake mkubwa, haoni faida ya mtoto kufungiwa chumbani watu wakimsikiliza anavyopumua. Anaanza kumwaminisha Jo kwamba zile nguvu anazoziota anazo kweli, na kidogokidogo kijiji kizima kinaingia kwenye mpango huo. Kuna mechi ya mpira ambapo Jo "anasimamisha wakati" na watu wanaganda pale walipo, watu wazima na akili zao timamu, kwa sababu mtoto amenyoosha mkono.

Halafu Jo anaweka wazi kwamba anajua anakufa. Mchezo unaishia hapo, na kijiji kinaingia kwenye jambo la pili, ambalo kwangu ndilo moyo wa filamu: wanatengeneza muvi yao wenyewe, shujaa wake akiwa Jo. Fundi wao ni Mike, mwenye banda la muvi, yule anayesimama mbele ya watu akisimulia muvi za kigeni kwa kinywa chake mpaka mtu unasahau wahusika wanaongea lugha gani. Waliokulia mitaa yetu wanaijua kazi hiyo. DJ Afro amejenga jina kwayo.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Nairobi tunajua kuchanga. Mtu akifariki asubuhi, kufikia jioni kundi la WhatsApp lipo, mweka hazina yupo, namba ya kutuma pesa ipo. Kila jioni watu wanakutana katika hoteli fulani mjini, daftari la majina linazungushwa, na waliokosana miaka mingi wanakaa meza moja wakipanga basi la kwenda nyumbani. Hema litapatikana. Sufuria zitapatikana. Nimekaa kwenye kamati hizo na ninaziheshimu sana, maana huo ni upendo unaotoa jasho na pesa. Lakini mwenyewe hauoni. Watu wa Maweni wanaunda kamati ya namna hiyohiyo mtoto akiwa hai, macho yake yakiwa wazi, naye ndiye mkuu wa shughuli.

Nimewahi kuona kitu kama hicho. Katika ploti tuliyokuwa tukiishi zamani kulikuwa na mvulana mgonjwa wa figo, asubuhi uso umevimba, jioni miguu. Wavulana wenzake walikuwa wakicheza mpira mahali pa kuanikia nguo, kati ya tangi la maji na ngazi. Walimpindulia mtungi wa lita 20 akaukalia, wakampa filimbi, akawa refa. Kadi ya njano aliikata kwenye boksi la sabuni ya unga, na nyekundu aliipaka kwa kalamu. Alikuwa refa mkali. Mchezaji akibisha anatolewa, na anatoka kweli, anakwenda kusimama kando ya choo mpaka aitwe. Hakuna mtu mzima aliyewafundisha jambo hilo. Sisi tulikuwa tukipita tukisema pole, tukimwachia mamake maziwa na machungwa. Wale watoto walimpa kazi, na mechi haikuanza bila yeye. Alifariki shule zikiwa zimefunguliwa. Baada ya hapo walicheza muda mrefu bila refa, wakizozana kila bao.

Kwa hivyo ninaposema Supa Modo ni filamu ya upendo, namaanisha upendo wa aina hiyo. Kumwonea huruma mgonjwa ni kitu kimoja, kumwachia nafasi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuikaa ni kitu kingine kabisa.

Ubishi wa nyumbani ni huu: mdogo wangu anasema mamake Jo ndiye kikwazo. Mimi nasema mama huyo anaonewa na watazamaji. Kathryn ni mkunga, kazi yake ni kupokea watoto wa wenzake wakiingia duniani, na jioni anarudi nyumbani kumtazama wake akiondoka. Anajua mwili unavyochoka. Kila mbio za Jo yeye anaziona ni saa zinazopungua, na sidhani kwamba amekosea hesabu. Kukubali kwake baadaye kunamgharimu kuliko anavyogharimika mtu yeyote pale kijijini. Marrianne Nungo ameigiza haya kwa uso zaidi kuliko kwa maneno. Mtazameni yeye wakati wengine wote wanacheka.

Karibuni.

#2 Baba Pacha

Mleta uzi, heshima yako, umeandika vizuri. Mimi niliitazama na wanangu na nilitoka na donge kooni, lakini si lote la uchungu, lingine la hasira. Huwezi kumwambia mtoto mgonjwa kwamba ana nguvu za kusimamisha wakati. Je, angeamua kupanda juu ya paa aruke? Mimi wanangu wakiniuliza swali gumu nawajibu kadiri wanavyoweza kubeba, lakini siwadanganyi. Nimelelewa hivyo na mzee wangu na sijajuta. Kijiji kizima kinaungana kumdanganya mtoto mmoja halafu tunaita upendo? Afadhali yule mama aliyemwambia alale.

Muvi waliyotengeneza mwishoni hiyo sina ubishi nayo. Hapo kila mtu anajua ni maigizo.

#3 Zamu ya Usiku

Habari zenu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali moja hapa mjini, sitaitaja. Nataka kumjibu Baba Pacha kwa heshima.

Kaka, wanajua. Sisi tunafikiri tunawaficha, kumbe wao ndio wanaotuficha sisi. Mtoto hamuulizi daktari anapopita na wanafunzi wake. Anasubiri usiku, anamuuliza mama anayepiga deki: yule wa kitanda cha dirishani amehamishiwa wapi? Akiambiwa amekwenda nyumbani, anauliza mbona viatu vyake viko chini ya kitanda. Huyo ana miaka 6. Asubuhi mamake akija anamwonyesha picha aliyochora, anacheka naye, hataji viatu.

Watu wengi wanadhani mgonjwa akishafika mahali pa kina Jo kazi ya hospitali imekwisha. Haijaisha. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kwa watoto tiba shufaa huanza siku ugonjwa unapotambuliwa, na inaendelea hata kama mtoto bado anatibiwa. Kazi yake ni kutuliza maumivu, kuondoa kichefuchefu, kumsaidia mtoto alale, kuzungumza na ndugu zake. Nairobi Hospice imekuwa ikifanya kazi ya namna hii tangu 1990. Mtoto ambaye maumivu yake yametulizwa anacheza. Sisemi kwa kukisia, nimewaona wakipewa mofini ya kunywa saa mbili asubuhi na saa nne wako sakafuni na vifuniko vya chupa wakishindana. Jo kukimbia uwanjani si ndoto ya mwandishi.

Na uchungu mwingine ambao filamu haiusemi. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Wanaletwa wamechelewa, au dawa zinakatika katikati. Ninapomtazama Jo siwezi kutoa hilo kichwani.

#4 Mkazi wa Umoja (mleta uzi)

Sista, asante sana kwa kuingia humu, na kwa kazi yako.

Hayo ya viatu yananikumbusha utafiti tuliosomeshwa chuoni. Mwaka 1978 mwanaanthropolojia Mmarekani, Myra Bluebond-Langner, alichapisha kitabu kuhusu watoto wenye saratani ya damu aliokaa nao hospitalini, wa umri wa miaka 3 hadi 9. Alikuta kwamba watoto wale walijua wanakufa hata pale ambapo hakuna aliyewaambia. Walijua kwa kusikiliza, kwa kulinganisha dawa, kwa kuona mwenzao hakurudi. Lakini walinyamaza. Waliona kwamba wakisema, wazazi wangevunjika na kuanza kutoka chumbani mapema. Kwa hivyo mtoto anaigiza hajui, mzazi anaigiza hajui kwamba mtoto anajua, na wote wawili wanafanya hivyo wasipotezane.

Baba Pacha, nikirudi kwa Jo na maelezo haya, sioni kijiji kikimdanganya mtoto. Naona mtoto wa miaka 9 anayewaachia watu wazima mchezo wao kwa sababu anaona unawasaidia kusimama. Tazama tena ile mechi ya mpira. Watu wameganda, na kamera inakaa kwa Jo. Stycie Waweru hakuichezea kwa mshangao wa mtoto aliyeamini kitu, ameicheza kwa furaha ya mtoto aliyeona jinsi watu wengi hivi walivyoacha shughuli zao kwa ajili yake. Na anayeukatisha uongo ni nani? Ni yeye, akiwa tayari. Si padri wala mama wala daktari.

Hoja yako kuhusu paa naiheshimu, hata mamake Jo angekuunga mkono.

#5 Mpiga Picha Mtaani

Nimeingia kwa ajili ya upande wa ufundi kidogo, nimefanya kazi ya kubeba taa kwenye filamu kadhaa za hapa.

Muelewe filamu hii ilipotoka. Kuna kampuni ya Wajerumani, One Fine Day Films, iliyoanzishwa 2008 na Marie Steinmann na mumewe Tom Tykwer, ambaye ni mwongozaji. Kwa kushirikiana na Ginger Ink ya hapa Nairobi wamekuwa wakiendesha warsha za waandishi, wapiga picha, wahariri, wabunifu wa mavazi, kisha kikosi kinatengeneza filamu moja nzima. Soul Boy ya Hawa Essuman ilitoka huko, na Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ambayo mwaka 2012 ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Kenya kwenye Oscar. Kisha Kati Kati ya Mbithi Masya. Supa Modo iko kwenye mstari huo.

Kuna wenzangu wanaosema pesa zikitoka nje basi hadithi si yetu. Mimi swali langu ni moja: nani aliandika, na nani alikuwa akisema "kata"? Likarion aliiandika na waandishi wenzake wa hapa, akina Mugambi Nthiga, Silas Miami na Wanjeri Gakuru, na kamera ilikuwa ya Enos Olik. Mazungumzo yanaruka kutoka Kiswahili kwenda Kikuyu na kurudi kama watu wa kule wanavyoongea. Hakuna mzungu anayekuja kuokoa mtoto. Hata ile muvi ndani ya muvi inatengenezwa na vitu vya kijijini.

Kitu kimoja cha kutazama: mwanga wa kule kituoni na mwanga wa Maweni. Sitasema zaidi, irudieni tu.

#6 Mzee wa Odeon

Vijana, shikamoo hamtanipa, basi nawasalimu mimi. Nimekuwa nikisoma humu kimya.

Mimi ni wa enzi za kumbi za sinema za Odeon, Cameo, Kenya Cinema, 20th Century. Jumapili mchana tulikuwa tukipiga pasi suruali kwa ajili ya filamu ya Kihindi ya Shan kule Ngara kuliko tulivyopiga pasi kwa ajili ya misa. Aliyekuwa na gari alikwenda Fox Drive-In, Thika Road, na asiyekuwa nalo alisimama nje ya uzio akatazama bila sauti. Siku hizi kumbi nyingi za aina ile zimefungwa, nyingine zimekuwa makanisa au maduka.

Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha hii Supa Modo kwenye kompyuta. Kilichonishika si mtoto tu, ni lile banda la Mike. Vibao, kitambaa, watu wamebanana, na mtu mmoja anawasimulia. Filamu imempa heshima mtu ambaye kwa kawaida polisi wanamfukuza na wazazi wanamlaumu. Yeye ndiye anayejua kufanya kile ambacho kijiji kinahitaji. Nimefurahi kuona hilo kabla sijaondoka.

Kuhusu mama. Nimezika mtoto, miaka mingi imepita. Mleta uzi umemwelewa.

#7 Mkazi wa Umoja (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Asante kwa kutuambia.

Niongeze kwa Mpiga Picha. Onyesho la kwanza lilikuwa tamasha la Berlin, Februari 2018, kwenye kitengo cha filamu za watoto, na majaji watoto waliitaja kwa sifa ya pekee. Hilo linanipendeza kuliko tuzo yoyote ya watu wazima, kwa sababu hao majaji walikuwa watoto waliomzidi Jo miaka michache tu, na hawakuona kwamba kifo cha mtoto ni mada ya kuwafichia.

Na mwaka ule ulikuwa mwaka wa filamu mbili za Kenya zenye upendo ndani yake. Nyingine ni Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya kwanza kutoka Kenya kuingia tamasha la Cannes, inayohusu wasichana wawili wanaopendana hapa Nairobi. Bodi ya Filamu iliipiga marufuku Aprili 2018. Septemba, Mahakama Kuu ikaifungulia kwa siku 7 ili ipate sifa ya kushindania Oscar, na watu wakajaa ukumbi wa Prestige, Ngong Road, tiketi zikaisha. Mwishowe nchi ilipeleka Supa Modo. Nazitaja pamoja kwa sababu watu huzitaja kana kwamba moja ni ya familia na nyingine ni ya kuvunja familia. Mimi nimeziona zote mbili. Katika zote mbili kuna mzazi mwenye hofu, kuna majirani wanaochungulia, na swali ni majirani hao wataamua kufanya nini na kile walichokiona. Katika moja wanaleta kamera na vitambaa. Katika nyingine wanaleta kipigo. Ndiyo maana Maweni hainionekanii kijiji cha ndotoni. Watu haohao wanaweza kwenda upande wowote.

#8 Dada wa Ngara

Nimesoma zote na bado hakuna aliyemzungumzia Mwix kama mtu. Mnamtaja kama aliyeanzisha mpango, basi.

Kaka yangu mdogo aliugua nikiwa kidato cha tatu. Mgeni akiingia nyumbani anauliza, mgonjwa anaendeleaje? Mama anaendeleaje? Kisha ananigeukia: wewe msaidie mama, sawa? Miaka miwili nilikuwa mtu wa kuambiwa nisaidie. Nilijua namba ya kila matatu ya kwenda hospitali, nilijua uji wake unapozwa kiasi gani ili usimchome vidonda vya mdomo, na hakuna aliyeniuliza kama mimi ninalala. Nilimtungia hadithi ndefu ya konda anayeweza kusafirisha watu hadi mwezini, kila jioni kipande. Mama alinigombeza kwamba namchokesha. Kaka mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema, "Haya, tulifika Pangani, endelea."

Nyawara Ndambia ameigiza hivyo hasa. Mwix ana ukali wa mtu ambaye hana ruhusa ya kulia kwa sababu zamu ya kulia ni ya mama. Ule mpango wake wote wa nguvu za ajabu, naona nusu yake ni wa Jo na nusu ni wake mwenyewe. Anahitaji kitu cha kufanya kwa mikono. Mnapouliza kama ulikuwa uongo au upendo, mkumbuke aliyeubuni naye ni msichana tu.

Kaka yangu alipona, kwa wale watakaouliza. Ana duka la simu.

#9 Baba Pacha

Dada wa Ngara, Mungu azidi kumtunza huyo kaka. Niseme ukweli, nilikuwa sijamwangalia Mwix kwa jicho hilo.

Msimamo wangu wa kutomdanganya mtoto ninabaki nao. Ila naona tofauti kati ya hadithi ya konda wa mwezini na kumwambia mtoto kwamba atapona. Ya kwanza ndugu yako aliiingia akijua. Ninayoikataa ni ile ya pili, na nikikumbuka vizuri hakuna mtu kwenye filamu anayemwambia Jo kwamba atapona. Mwix anamwambia una nguvu, hamwambii utaishi. Hilo nalikubali kama jambo la kufikiria.

Wanangu siku ile walitaka tutengeneze yetu. Tulitumia shuka la mama yao na simu yangu. Mmoja alikuwa shujaa, mwingine akakataa kuwa mwizi, ikabidi niwe mwizi mimi.

#10 Mkazi wa Umoja (mleta uzi)

Umelisema vizuri kuliko nilivyolisema mimi: "una nguvu" si "utaishi". Na filamu inalitimiza hilo. Jo anafariki. Hakuna mganga wala dawa ya kutoka ng'ambo wala muujiza wa dakika ya mwisho. Muvi waliyoitengeneza inabaki, watu wanakusanyika kuitazama. Likarion angeweza kutuonea huruma akambakiza mtoto, na tungetoka tukiwa na furaha na kusahau kufikia kituo cha matatu.

Lakini kuna kitu hakinikai sawa, na ninakisema kwa kuipenda kazi hii. Maweni hakuna anayezungumza sana kuhusu pesa. Yeyote aliyeuguza hapa Nairobi anajua kwamba ugonjwa unaanza na mwili na unaishia kwenye risiti. Dada zangu waliuliza mara moja: nani analipia dawa, na mama ameacha kazi ngapi ili kukaa na mtoto? Upendo unaochangisha bili ya hospitali nao ni upendo, tena ndio tunaoufanya zaidi mjini. Ningependa kuona Mike akipitisha kofia kabla ya kupitisha kamera. Huenda wangesema filamu ingekuwa ndefu. Labda. Mimi ningekaa hizo dakika 10 zaidi.

Na waovu wa filamu ile ni wepesi mno, lakini hilo namwachia Jo. Mashujaa wa miaka 9 wanastahili wezi wa kukimbia wakipiga kelele.

#11 Zamu ya Usiku

Nimetoka zamu sasa hivi nikakuta uzi umefika huku. Dada wa Ngara, nimeyasoma ya kwako mara mbili kwenye matatu. Tutaanza kuwauliza kina dada wanalala vipi. Kwangu nitaanza kesho.

Nina swali kwa wenye ujuzi. Wodini kwetu tuna televisheni moja na kila Ijumaa mchana tunawaruhusu watoto muvi moja. Je, naweza kuwaonyesha hii? Sioni kibaya, lakini kuna mtoto ambaye hali yake inafanana mno na ya Jo.

#12 Mpiga Picha Mtaani

Sista, upande wa sheria, kuonyesha filamu hadharani kunahitaji ruhusa ya wenye filamu, na Bodi ya Filamu ina leseni zake za maonyesho. Kwa watoto wa wodi na kusiwe na kiingilio, nadhani ukiwaandikia Ginger Ink watakusikiliza. Waandikie mapema na barua iwe na muhuri wa hospitali. Usitumie nakala ya mtaani. Watu waliifanyia kazi ile.

#13 Dada wa Ngara

Sista, kabla ya barua ongea na wazazi, mmoja mmoja, si kwa mkutano. Mwambie kila mzazi kwamba mtoto wa kwenye filamu anafariki. Wengine watakataa na ni haki yao. Yule ambaye hali yake ni kama ya Jo, mamake aitazame kwanza peke yake, halafu aamue.

Na kama kaka au dada wa mgonjwa wapo siku hiyo ya Ijumaa, waruhusuni waingie.

#14 Mkazi wa Umoja (mleta uzi)

Naunga mkono yote ya Dada wa Ngara. Sista, nitumie ujumbe wa ndani, nina projekta ndogo na kitambaa cheupe tunachokitumia kwenye kikundi cha vijana cha mtaa, na spika moja nzuri. Ijumaa naweza kuomba ruhusa kazini nikaja nikakufungia vifaa, nikaondoka mkianza kama wageni hawaruhusiwi.

Wakikubali wazazi, nijulishe wodi ina soketi ngapi karibu na ukuta usio na madirisha. Nitabeba waya mrefu.